Tududu Twenye Mukanda Mwekundu na Kivuli cha Mama Katungu

Kwenye coopérative yetu, mutu akiacha kazi anaacha vitu viwili pale bureau ya Butembo: kisu chake cha kukatia matawi, na maneno yake ndani ya kaye kubwa yenye jalada la bluu. Kisu nimekwisha kurudisha. Sasa ni zamu ya kaye. Nimesoma waliyoandika wale walionitangulia. Mumoja alijaza kurasa saba juu ya vyeo vyake. Mwingine aliandika mustari mumoja tu, "Munisamehe yale ya Vuhovi," bila kueleza ni yale gani, na mpaka leo bado tunamufikiria.

Mimi wananiita retraitée, mustaafu, na wanacheka, kwa sababu niko na miaka makumi mbili na tisa na meno yangu yote. Nimefanya kazi hii miaka tisa. Mais mutu akitazama chini ya majani miaka tisa, shingo yake inakuwa ya muzee, donc jina la retraite nimelikubali kwa ajili ya shingo. Hapa sitaandika nani alipandishwa na nani alisahauliwa. Nataka kuwaandikia ninyi munaoanza habari za kadudu kamoja kadogo kuliko kipande cha uzi, na habari za kosa langu, maana vile viwili vilitembea pamoja. Na ninaandika na furaha nyingi. Kama herufi zinarukaruka, muzivumilie.

Nilianzia depo, kuchagua mbegu za kakao. Shule yangu ilikuwa imeishia mwaka wa tatu wa sekondari, na mama yangu alisema mukono unaoweza kutoa mawe ndani ya maharagi utapata kazi popote. Nilikaa juu ya mukeka na akina mama wengine, tukitoa mbegu bapa na vijiti. Siku moja akaingia Muzee Paluku, agronome wetu, yule aliyevaa buti za mvua hata wakati wa kiangazi. Alitupa jani la avoka katikati ya mukeka, akauliza kama kuna mwenye kuona kitu. Akina mama waliona jani. Mimi niliona mambo yanatembea.

"Muzee, iko tududu," nikasema. "Na kamoja kamebeba maji ku mukia."

Akatoa lupe yake mufukoni, kioo cha kukuzia vitu vidogo, akainama juu ya jani. Akaniangalia mimi, akarudi tena kwenye jani. Kisha akasema, "Kesho usivae kitenge ya mupya. Utaingia mu shamba." Huo ndio mutihani wangu wa kuingia kazini. Sikupewa mwingine.

Kesho yake alinipa lupe ile niangalie mwenyewe. Wenzangu, kama hamujaona thrips, ndiyo jina la tududu tule, kwa lupe, nawaonea wivu, kwa maana siku hiyo bado iko mbele yenu. Kwa macho ni vumbi. Kwa lupe ni kiumbe. Katoto kake ni ka njano kama nyama ya embe, na katikati ya tumbo kamefunga mukanda mwekundu sana, kama mutu anayekwenda kuimba kwaya. Kanatembea kameinua makalio juu, na kwenye ncha kule kamebeba tone la uchafu wake, polepole, kama mama anayepanda mulima na bidon ya maji. Tofauti ni kwamba mama anabeba kichwani. Kakikomaa kanakuwa keusi, na mabawa yake ni kama unyoya uliochanwa. Kanakwaruza ngozi ya jani na kunyonya maji yake. Jani linakuwa na rangi ya fedha, baadaye linakauka rangi ya shaba, na madoa meusi yanabaki kila mahali. Kanakula avoka, kanakula embe, kanakula pera, na kakao ndiyo sikukuu yake. Niliangalia mpaka Muzee Paluku akaniuliza kama nataka waniletee chakula palepale.

Chombo cha pili alichonipa kilikuwa sahani nyeupe ya plastiki. Unaiweka chini ya tawi, unapiga tawi mara tatu kwa mukono, halafu unahesabu yanayotembea kwenye sahani. Majani makavu hayatembei, hiyo ndiyo sayansi yote. Mais usipumue juu ya sahani, na usicheke. Wiki yangu ya pili nilipiga chafya, na ripoti yote ikaruka. Kule Vuhovi, katekista mumoja aliniona nahesabu kwenye avoka zake, akakataa kunipa jina lake mpaka nimuapie kwamba serikali haijaanza kulipisha majani. Nilimuapia. Akanipa jina, na avoka mbili.

Mambo mengine yote Muzee Paluku alinifundisha njiani, nyuma ya pikipiki, akipiga kelele kushinda upepo. Moja alilirudia kuliko yote: usimupe mukulima dawa ukiwa umesimama. Ukae chini kwanza. Ule kile anachokupa. Uulize mara tatu. Alikuwa na sababu. Kwetu, mutu akikupa shauri kwa moyo muzuri, ni haya arudi akute hujalifanya. Ukisema leo, kesho limefanyika. Donc neno la agronome ni kama panga lililokwisha inuliwa. Nililisikia hilo neno mara mia na mara mia nikaitika ndiyo.

Mwaka wangu wa nne mugongo ulimuangusha Muzee Paluku, nikatumwa Mabalako peke yangu. Nilifurahi mpaka aibu. Nilisuka nywele kwa ajili ya safari ya shamba.

Kule ndiko nilikutana na Mama Katungu. Alikuwa mujane, mutu wa maneno machache, na kakao yake ilipandwa na marehemu bwana yake chini ya miti mirefu ambayo waliiacha walipofungua shamba. Miti ya zamani, mingine hata yeye hakujua jina lake. Ukiingia mule, jua linabaki nje kama mugeni asiyealikwa. Ulikuwa musimu wa mvua, na matunda mengi ya kakao yalikuwa yanaoza, meusi kuanzia ncha. Ugonjwa ule naujua. Unaondoa yaliyooza, unapunguza matawi, upepo unapita. Hayo yote ni kweli, yako kwenye fundisho.

Mais mawingu yalikuwa yanakuja, na mwenye pikipiki alikuwa anapiga honi njiani kwa sababu alijua ile barabara inakuwa uji. Mama Katungu aliniwekea kiti. Sikukaa.

"Mama, kivuli iko mingi," nikasema. "Upunguze."

"Nikate miti ngapi?"

"Hii yote njo inaleta unyevu," nikajibu, nikazungusha mukono hewani, nikakimbilia pikipiki.

Nilipanda nikijiona agronome kamili. Mukono wangu ulikuwa umezunguka shamba lote.

Niliporudi miezi miwili baadaye, nilikuta mbingu ndani ya shamba. Mama Katungu alikuwa ameita wapasua mbao na tronsonezi yao, musumeno wa moteri, na miti kumi na mine ilikuwa imelala, mingine imekwisha kuwa mbao. Alinipokea na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake. "Umeona? Nimefanya yote," alisema. Na alikuwa amenitengenezea benchi kwa mbao ya kwanza, ili nikija niwe na mahali pa kukaa. Nikasema aksanti, nikakaa. Moyo wangu ulijua kuna kitu, mais mudomo ulifunga. Kuoza kwenyewe kulipungua kweli. Kwenye ripoti niliandika: mafanikio.

Halafu kiangazi kikafika.

Majani ya kakao yakawa ya fedha, yakawa ya shaba, yakaanguka. Na matunda yakapata kutu. Hili mulishike vizuri, kwa sababu ndio uchungu wote wa habari hii. Tunda la kakao likiiva linageuka kutoka kijani kuwa njano, na hivyo ndivyo mukulima anajua ni siku ya kulikata. Tududu tunapolikwaruza na kuliachia uchafu wao, ngozi inakuwa ngumu na rangi ya mabati ya zamani. Ndani mbegu ni nzima kabisa. Mais nje, changa na bivu zinafanana kama mapacha. Mama Katungu akaanza kukata kwa kubahatisha.

Akina mama wa kule wana kikundi, na kikundi kina kesi moja, sanduku kubwa la mbao la kuchachusha kakao. Siku ya mavuno kila mumoja anamimina mbegu zake mbichi mule, wanafunika na majani ya ndizi, na kesi inapata moto yenyewe, bila kuni, kwa sababu ya utamu ulioko kwenye ute wa mbegu bivu. Siku ya tatu wanageuza. Kabla ya kugeuza, présidente wao, Mama Masika, anaingiza mukono ndani. Kukiwa na moto, kakao ni nzuri. Mbegu za matunda machanga hazina utamu ule. Zikiwa nyingi, kesi yote inabaki baridi na kakao ya wote inaharibika.

Mavuno mawili mufululizo, Mama Masika aliingiza mukono akautoa baridi. Walipasua mbegu kwa kisu, wakazikuta ngumu, za zambarau, zimeshikana. Walijua zimetoka kwenye kikapu cha nani. Kanuni ya kikundi ni mara tatu. Ya tatu, unatoka. Na Mama Katungu alikuwa amekwisha waambia kwamba wakimutoa, atakata kakao yote ya bwana yake aweke mihogo, kwa maana kesi nyingine iko mbali na mbegu mbichi hazingoji. Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mutu anayeaga safari.

Mama Masika ndiye aliyenipigia simu. Nilikwenda na sahani yangu. Nilipiga tawi mara tatu, na sahani ikawa kama barabara ya soko siku ya jumamosi, mikanda myekundu inakwenda na kurudi. Nikainua macho nitafute kivuli, nikaona mawingu. Hapo nikaelewa. Miti ya kakao iliyozoea kivuli, ukiiweka juani wakati wa kiangazi, inachoka, na tududu tunapenda muti uliochoka. Mimi ndiye niliyeandalia tududu meza.

Nilirudi Butembo kumwona Muzee Paluku nyumbani kwake. Alikuwa amelala juu ya godoro sakafuni kwa ajili ya mugongo, kikombe cha chai juu ya kifua. Nilimuelezea kila kitu isipokuwa jambo moja.

"Nani alisema kata?" akauliza.

"Ni miye, muzee."

"Ulikuwa umekaa ao umesimama?"

"Nilisimama."

Alimaliza chai yake. "Kwa kuoza, unapunguza kivuli. Kwa tududu, unaongeza. Weye ulimupa dawa ya mugonjwa mwingine." Kisha akaanza kazi, na sauti ya kazi, bila kugomba. Apande ndizi sasa, kwa kuwa ndizi inakua haraka, na miti ya kweli katikati. Asipige dawa ya pompi, kwa sababu kuna wadudu wengine wadogo wanaokula thrips, nao ndio watakaokufa kwanza. Nikauliza juu ya mavuno ya wiki ile: mama atajuaje lililoiva na lisiloiva, chini ya kutu?

Aliangalia ndani ya kikombe kitupu. "Hiyo sijuwe. Miye ni mutu wa kahawa."

Sijawahi kuogopa vile. Kwa miaka mine nilifikiri yeye ni kitabu. Nilipokuwa mulangoni akaniita. "Kahindo. Ukaseme mbele ya bale bamama bote. Na usirushe hata neno moja."

Asubuhi ya mavuno niliwakuta akina mama wote kwa Mama Katungu, vikapu mikononi, wakingoja kuona wenyewe anachokata. Nilikaa chini, kwenye udongo. Benchi sikuweza. Nikawaambia kwamba aliyeharibu kesi si Mama Katungu, ni mimi, na nikaeleza honi, mawingu, na mukono uliozunguka hewani. Nikaeleza pia kwamba nilipoikuta miti imelala nilinyamaza.

Mama Masika alikunja mikono. "Kumbe tulikuwa tunataka kufukuza mutu," alisema, "na mwenye makosa anakujaka hapa, tunamuchinjia kuku?"

Walicheka. Mimi nililia, na hilo liliwachekesha zaidi. Mama Katungu peke yake hakucheka wala hakuniangalia. Alikuwa amesimama mbele ya muti wa kakao, anakwaruza tunda moja na ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu, kama mutu ambaye hasira yake imekosa mahali pa kukaa. Anakwaruza, kutu inaanguka. Halafu mukono ukasimama. Akakwaruza tunda la pembeni. Akarudi kwenye la kwanza.

"Kahindo," akasema bila kugeuka. "Kuja na macho yako."

Chini ya kutu, mahali ukucha ulipopita, lile la kwanza lilikuwa njano kama yai. La pili lilikuwa kijani.

"Kutu iko juu tu," akasema.

Tulipasua yote mawili. La njano, mbegu zilitoka zenyewe zikiteleza. La kijani, tulizitoa kwa ncha ya kisu. Tukapasua mengine, na ukucha haukudanganya. Kukawa na ubishi, wa kupendeza: mama mumoja akasema ukwaruze kwenye bonde la tunda na si kwenye mugongo, maana mugongoni kutu ni nene, mwingine akasema karibu na kikonyo. Bonde likashinda. Miaka mine nilikuwa nimetembea na lupe shingoni, na jibu lilikuwa kwenye kidole gumba cha mama. Nilifurahi hivi kwamba nilisahau kufuta machozi.

Tulivuna kwa ukucha siku nzima. Hakuna tunda lililokatwa bila kukwaruzwa. Kikapu cha Mama Katungu kilijaa nusu tu, na bado hakuna aliyejua kama kesi itapata moto. Njano ya ukucha ni dalili. Moto wa kesi ndio hukumu. Tulimimina, tukafunika na majani ya ndizi. Ordre de mission yangu, karatasi ya ruhusa ya safari, ilikuwa ya siku moja. Nilibaki tatu.

Siku ya kugeuza, tulisimama kuizunguka kesi. Mama Masika alitoa majani ya juu, halafu, badala ya kuingiza mukono wake kama kawaida, akarudi nyuma hatua moja. "Leo ni weye, mama," alimwambia Mama Katungu.

Mama Katungu alifanya alama ya musalaba, akapandisha mukono wa blauzi, akaingiza mukono mpaka kwenye kiwiko. Aliuacha mule muda mrefu, akiangalia chini. Mimi nikaanza kupanga nitamwambia nini Muzee Paluku.

Akautoa. Ulikuwa unanata, unanuka pombe na siki. Hakumutazama présidente wala wenzake. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akaweka kiganja chote kwenye shavu langu. Kilikuwa cha moto.

"Sikia," alisema.

Nyuma yake akina mama walikuwa wamekwisha kupiga vigelegele. Yeye hakuondoa mukono.

"Sasa unirudishie kivuli yangu."

Nilizunguka Mabalako na Mangina nikitafuta miche ya miti ya kivuli, nikakuta kila mwenye miche anauza eucalyptus, kwa maana hapa kwetu kila mutu akiota muti anaota mbao. Donc nilianza mwenyewe, na mbegu nilizookota musituni, ndani ya makopo ya maziwa, nyuma ya nyumba yetu Butembo. Ndizi zilitangulia kutoa kivuli cha haraka. Mwaka wa kwanza karibu miche yote ilikufa kwa baridi ya kwetu juu. Nililia kidogo, nikaanza tena kule chini kwenye joto. Wiki ambazo njia ilikuwa mubaya na hatukuweza kwenda, Mama Katungu alimwagilia yeye. Tududu bado tuko. Ukipiga tawi leo utaona mikanda miwili mitatu ikitembea, na buibui nyuma yake. Kakao imerudi kuwa kijani, na ukucha wanautumia bado, hata wale ambao matunda yao hayana kutu.

Njo sababu naacha kazi. Jumatatu nafungua pépinière yangu, kitalu cha miche, chini kwenye shamba la Mama Katungu, karibu na muto, miti ya kivuli peke yake, kwa kila mutu wa Mabalako atakayetaka. Nimeota jambo hili miaka mitano na sasa siwezi kulala vizuri kwa furaha. Alikata miti kumi na mine. Mipya kumi na miwili imesimama, mumoja umepita paa la nyumba. Imebaki miwili, na mashimo yake tumekwisha kuyachimba.